Nguo Isiyo na Saizi

Kanga haina saizi. Doti inayouzwa Darajani, Unguja, au Barabara ya Biashara, Mombasa, itamfaa bi harusi mwenye kiuno cha nyigu, na kesho yake itamfaa mama mkwe wake, mwanamke mwenye mwili wake. Kila upande ni kitambaa cha karibu mita moja na nusu kwa mita moja, kimekunjwa pindo kwenye kingo na basi. Anayekipa umbo ni mvaaji. Akikipitisha chini ya kwapa, akavuta ncha mbili mpaka kikamkaa, akazisokota na kuzichomeka juu ya ziwa, kifua kimeshikwa. Akikishusha nyongani na kukikaza upande mmoja, makalio yanasema yenyewe. Upande wa pili akiutupa begani na kuuacha uning'inie mbele, tumbo halionekani tena. Hakuna futi kamba wala fundi, na hakuna anayemuuliza anavaa namba ngapi.

Swali hilo la namba lilikuja baadaye, na lilikuja kwa meli. Katika miaka mia na hamsini iliyopita wanawake wa Afrika Mashariki wamepokea nguo za namna mbili: zile zinazoufuata mwili, na zile zinazoutaka mwili uzifuate. Kila zilipoletwa za namna ya pili, wanawake na mafundi wao walizibadilisha mpaka zikawakaa. Habari hiyo haimo sana katika vitabu vya historia ya siasa, lakini imo katika kila sanduku la nguo la bibi yeyote wa Pwani.

Kabla ya kanga kulikuwa na merikani na kaniki. Merikani ilikuwa pamba isiyopaushwa iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said. Kutoka Unguja iliingia bara mpaka Tabora na Ujiji, ikatumika kama fedha: wapagazi walilipwa kwayo na hongo za watemi zilitolewa kwayo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikachukua nafasi. Jina merikani likabaki hata kitambaa kilipokuwa hakitoki tena Marekani.

Kaniki ilikuwa kitambaa cha jamii hiyo hiyo kilichotiwa rangi ya nili hadi kikawa karibu cheusi. Mwanamke mtumwa alijifunga kipande kimoja chini ya kwapa, mabega wazi, kichwa wazi. Kwa kumtazama tu, mtu alijua ni wa nani. Mwili wake ulifunikwa kwa kadiri ya bei aliyokubali kulipa bwana wake, na suala la kumpendeza halikuwa la mtu yeyote.

Upande wa pili wa mji mambo yalikuwa mengine. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, alieleza mavazi ya wanawake wa jumbani katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886: suruali, vazi refu linalofika kwenye vifundo vya miguu, na kitambaa cha kichwa. Marinda yalishonwa chini ya suruali ili yaonekane mwanamke anapotembea. Jambo moja katika maelezo yake linastahili kuangaliwa kwa makini. Mkato wa nguo ulikuwa mmoja kwa karibu wote; tofauti ilikuwa katika hariri, nakshi na uzito wa dhahabu. Bibi mnene na bibi mwembamba walivaa vazi la ramani moja, pana, lisilobana popote. Uzuri wa umbo ulisomwa katika mwendo, katika harufu ya udi iliyotangulia, katika sauti ya mtali mguuni.

Salme mwenyewe alikimbia Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akahamia Hamburg. Huko wanawake walikuwa wakikaza koseti zenye mifupa ya nyangumi. Si rahisi kuwaza njia mbili za kuvika mwili wa mwanamke zilizokuwa mbali zaidi, na yeye alizijua zote mbili kwa ngozi yake.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwanahistoria Laura Fair, aliyechunguza mavazi ya Unguja ya miaka hiyo, ameonyesha jinsi wanawake walioachwa huru walivyoitupa kaniki na kukimbilia kanga. Kanga yenyewe ilikuwa imekwisha kuzaliwa. Husimuliwa kwamba wanawake walinunua leso za rangi zilizouzwa zikiwa zimeungana katika jora moja, wakazikata na kuziunga tatu juu, tatu chini, wakapata nguo kubwa kwa bei nafuu. Wenye maduka wakaona, wakaagiza kitambaa kilichochapwa kizima. Viwanda vya Uingereza na vya Uholanzi, vikiwemo vile vya Helmond na Leiden, vilichapa kanga kwa ajili ya soko hili ambalo wachoraji wao wengi hawakuwahi kuliona.

Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara mwaka 1887, na alama yake, Mali ya Abdulla, bado inasomeka kwenye pindo za kanga. Maneno ya methali na vijembe yalikuja mwanzoni mwa karne iliyofuata, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Watu wameandika sana juu ya jina la kanga na mafumbo yake, pengine kupita kiasi, na wakasahau jambo ambalo mnunuzi hulitazama kwanza: mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo vinamkaa wapi. Mwanamke mfupi hachagui kanga yenye pindo pana sana, kwa kuwa itamkata miguu na kumfanya aonekane mfupi zaidi. Mwenye nyonga kubwa anajua kwamba ua kubwa la katikati ya mji likimwangukia nyuma, litaongeza pale palipoongezeka tayari. Wapo wanaolitafuta ua hilo kwa makusudi.

Mitindo ilibadilika haraka sana. Kanga ya mwezi uliopita ilikuwa ya kuvaa jikoni, na mwenye duka aliyeagiza shehena kubwa ya pambo lililokwisha kuchosha alibaki nayo. Kampuni za Ulaya zilizozoea kuamua wateja wavae nini zilijikuta zikipelekewa maagizo kutoka vichochoro vya Ng'ambo, Unguja. Wanawake waliokuwa jana wakivishwa na mabwana zao walikuwa leo wanawafilisi wafanyabiashara kwa kukataa tu kununua.

Katika miaka ya 1910 na 1920 likaenea buibui, vazi jeusi lililotoka upande wa Hadhramaut, likachukua nafasi ya shiraa, ile hema ya nguo iliyoshikwa na watumwa ili bibi apite njiani bila kuonekana. Buibui lilivaliwa na kila tabaka. Ndani yake mtu alivaa alichotaka, na ndani zaidi ya hapo kulikuwa na historia nyingine.

Nguo za ndani za Pwani hazikuanza na sidiria. Zilianza na shanga. Nyuzi za shanga ndogo, moja au kumi, hufungwa kiunoni chini ya kanga mahali ambapo mume peke yake huziona, au huzisikia. Binti huanza kuvalishwa akiwa mchanga, na uzi ukianza kubana mama anajua mtoto ananenepa. Ukilegea, ana wasiwasi. Baadaye, wakati wa unyago, somo au kungwi humfundisha mwari namna ya kuzivaa, rangi ipi inasema nini, na namna ya kucheza kiuno ili zisikike. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alisifika duniani kwa taarab, lakini wanawake wengi wa Unguja walimjua kama mwalimu wa unyago, mwenye ngoma yake aliyoipiga akiwa ameisimamisha katikati ya mapaja. Katika mafunzo hayo hakuna mwili mbaya. Kuna mwili usiojua kutumika. Mwembamba anafundishwa kuongeza idadi ya nyuzi ili kiuno kipate uzito. Mnene anafundishwa kuziacha zilale katika mkunjo chini ya tumbo, zisipotee ndani ya nyama. Mtu akitaka kuziita hizo nguo za ndani za kupendeza kwa maumbo tofauti, hajakosea.

Nguo nyingine ya ndani ni mkaja. Mwanamke akishajifungua, wakunga na mama zake humkanda kwa maji moto kisha humfunga kitambaa kirefu tumboni, wakikizungusha kwa nguvu kutoka chini ya mbavu hadi nyongani, ili tumbo lirudi. Anakaa nacho kwa wiki kadhaa za uzazi, akilegezewa anapokula na kukazwa tena akimaliza. Kitambaa hicho kimepewa heshima ambayo koseti ya Ulaya haikuwahi kupata: katika posa, pamoja na mahari, upande wa mume hutoa mkaja kwa mama wa binti, kama vile unavyotoa kilemba kwa baba na ubeleko kwa ajili ya mgongo uliombeba mtoto. Tumbo la mama, kwa maneno mengine, lina fungu lake katika hesabu ya ndoa. Leo Kariakoo kuna mikanda ya lastiki ya kubana tumbo kutoka China, yenye kulabu safu tatu, na wanaoiuza huitangaza kama uvumbuzi mpya.

Gauni lilikuja na misheni, shule na cherehani. Hapa mkato ulianza kuwa na maana, kwa kuwa gauni lina mabega, lina mikono, lina mahali lilipoamua kwamba kiuno kipo. Mfano mzuri zaidi wa jinsi vazi hilo lilivyofugwa uko Buganda. Shule ya wasichana ya Gayaza ilipofunguliwa mwaka 1905, wanafunzi walivaa suuka ya magome ya mti iliyofungwa chini ya kwapa, nayo ikiwavuka walipoinama shambani. Wamisheni wakamwomba fundi Mgoa aliyeitwa Gomes abuni kitu. Alichoshona kilikuwa na shingo ya pembe nne, vishikizo viwili bega la kushoto, mabega yaliyochongoka na mkanda mpana unaofungwa juu ya nyonga. Mwaka 1914, Kabaka Daudi Chwa aliposimikwa, mkewe Irene Drusilla Namaganda alivaa gomesi, na tangu hapo likawa vazi la heshima la Uganda.

Lakini wanawake waliongeza jambo ambalo halikuwa katika agizo la shule. Chini ya gomesi hufungwa kikoi kinene, mara nyingine zaidi ya kimoja, ili kitambaa cha juu kisishike mwili na nyonga zitokeze. Mwembamba anafunga vingi, mnene anafunga kimoja, na wote wawili wanafika arusini wakiwa na umbo linalotakiwa. Gomesi moja hula hadi mita sita za kitambaa, na hakuna nguo nyingine Afrika Mashariki inayomheshimu mwanamke mpana kiasi hicho. Msichana mwembamba aliyeazima la shangazi yake huonekana kama limemvaa lenyewe.

Kwa upande wa Pwani na Tanganyika, gauni lilidai nguo yake ya ndani: shimizi, gagulo, au kamisi kama wasemavyo wengi Kenya. Kazi ya gagulo ilikuwa ya adabu, yaani kuzuia mwanga wa jua usipenye kitambaa chepesi na kuchora miguu. Ilikuwa pia ya mshono, maana gauni lililolala juu ya gagulo la nailoni halikamatiki katikati ya mapaja. Fundi aliyeketi barazani na cherehani yake ya Singer alimpima mteja kwa futi kamba, akaandika ubavuni mwa gazeti: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Tarakimu zile zilikuwa za mtu mmoja. Hazikuwa na maana kwa mwingine yeyote.

Sidiria ilikuja na tarakimu za namna nyingine. Hataza ya sidiria iliyosifika zaidi ilitolewa Marekani mwaka 1914 kwa Mary Phelps Jacob, aliyeanza kwa kushona leso mbili za hariri na utepe kwa kuwa koseti ilikuwa ikichungulia chini ya gauni lake la dansi. Baadaye aliiuza kwa kampuni ya koseti ya Warner kwa dola 1,500. Herufi A hadi D zilianza kutumika mwaka 1932, kampuni ya S. H. Camp ilipozihusisha na ukubwa wa maziwa na kadiri yalivyolala. Yaani hata kwa walioibuni, herufi zilikuwa jaribio la kupanga katika makundi manne kitu ambacho hakikubali kupangwa.

Leso mbili na utepe. Wanawake wa Unguja, waliokuwa wamekwisha kutengeneza vazi zima kwa leso sita, wasingeshangaa.

Mwaka 1968 mwili wa mwanamke ukawa suala la chama. Oktoba mwaka huo Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, jijini Dar es Salaam, ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, ianze Januari 1969. Kabla hata ya tarehe hiyo makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wasichana waliovaa sketi fupi katika eneo la Kariakoo, wakawashusha kwenye mabasi, wengine wakachaniwa nguo. Magazeti yalijaa barua. Wapo waliosema utamaduni wa Mwafrika umedhalilishwa. Wapo waliouliza utamaduni upi, maana kipindi hicho hicho serikali ilikuwa na operesheni nyingine ya kuwataka Wamasai waache mgolole na wavae suruali: mmoja anaambiwa amevaa kidogo kwa kuwa ni wa kisasa mno, mwingine kwa kuwa ni wa kale mno. Kampala, Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, na Malawi ilitunga sheria ya mavazi ya heshima mwaka 1973.

Katika kelele hizo zote, umbo la mvaaji halikuzungumzwa wazi, ila lilikuwemo. Sketi ile ile ya inchi chache juu ya goti ilimpita bila neno msichana mwembamba, na kumletea matusi mwenzake mwenye mapaja. Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo katika ofisi nyingi, na wanawake wenye makalio wanalijua hilo bila kuambiwa.

Kisha ukaja ukame wa nguo Tanzania. Kiwanda cha Urafiki kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, pamoja na Mwatex ya Mwanza na vingine, vilikuwa vimekusudiwa kulivisha taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na uchumi kudorora, kanga ilikuwa ya kupangiwa foleni kwenye maduka ya RTC, kampuni za biashara za mikoa, na kupata doti mbili ilikuwa habari ya kusimuliwa mtaani. Gauni liligeuzwa ndani nje likashonwa upya. Sidiria ilishonwa lastiki hadi hakukuwa na mahali pa kupitisha sindano.

Biashara ilipolegezwa mwaka 1984, na zaidi baada ya Rais Ali Hassan Mwinyi kuingia Ikulu mwaka uliofuata, mitumba ikafurika. Kenya ilifungua mlango mwanzoni mwa miaka ya 1990. Karume na Manzese jijini Dar es Salaam, Kongowea Mombasa, Gikomba Nairobi, Owino Kampala: masoko hayo yakawa shule ya saizi kwa mamilioni ya wanawake waliokuwa hawajawahi kununua nguo yenye namba shingoni.

Namba hizo zina asili yake. Kati ya mwaka 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilituma wapimaji katika majimbo kadhaa kuwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja mahali 59 mwilini, kazi iliyoongozwa na Ruth O'Brien na mwenzake William Shelton. Vipimo vya wanawake wasio Wazungu havikuingizwa katika hesabu. Wengi wa waliojitokeza walikuwa maskini wa miaka ya mdororo wa uchumi waliovutiwa na malipo kidogo, kwa hiyo hata Wazungu wenyewe hawakuwakilishwa sawasawa. Kutokana na kazi hiyo Marekani ilitoa viwango vya saizi mwaka 1958, ambamo saizi 8 ilikuwa kifua inchi 31, kiuno inchi 23 na nusu, nyonga inchi 32 na nusu. Mwaka 1983 serikali ikaviondoa kabisa, na kila kampuni ikabaki na namba zake, ikizipanua kidogo kidogo ili wateja wafurahi.

Belo linapofunguliwa Karume, basi, nguo nyingi zinazotoka zimekatwa kwa kufuata mwili ambao nyonga zake hazikizidi kifua kwa mengi. Mwanamke wa Temeke mwenye umbo namba nane anaingia, gauni linampita kifuani, linamgomea nyongani. Akichukua kubwa zaidi, linapita nyongani na kuacha pengo kiunoni ambapo ngumi inaingia. Kingine kinachomsumbua ni kwamba 12 ya Uingereza ni 8 ya Marekani na 40 ya bara la Ulaya, na zote tatu zimo katika rundo moja. Wauzaji wazoefu hawasomi lebo. Wanashika gauni kiunoni kwa mikono miwili, wanalizungusha shingoni mwa mteja, na ncha zikikutana nyuma ya shingo wanasema litakukaa dada. Hupatia mara nyingi kuliko lebo.

Kwa sidiria ni kazi ngumu zaidi. Wateja huzijaribu pale pale, juu ya blauzi, wamesimama kati ya meza mbili, rafiki akifunga kulabu kwa nyuma. Namba inahusu mzunguko wa mbavu chini ya maziwa, na herufi inahusu tofauti kati ya hapo na kifua chenyewe. Ndiyo sababu vikombe vya 34C, 36B na 32D vina ujazo mmoja, ingawa muuzaji atazitupa katika marundo matatu. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki walijifunza jambo hilo bila maelezo yoyote, kwa kuvaa mkanda mpana kupita kiasi miaka mingi kwa sababu kikombe kilichowatosha kilipatikana kwenye mkanda huo tu. Mgongoni sidiria inapanda, mbele inashuka, na mabega yanabaki na mifereji. Tiba ya sokoni ni rahisi: fundi anakata mkanda nyuma, anaondoa inchi mbili, anarudisha kulabu. Gikomba wapo mafundi waliopanga cherehani zao safu kando ya wauza nguo, na kazi yao ya kutwa ni hiyo tu, kupunguza na kuongeza.

Shirika la Viwango Tanzania lilipiga marufuku nguo za ndani za mitumba, yaani sidiria, chupi, soksi na za jamii hiyo, kwa sababu za kiafya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Uganda nayo ikachukua hatua kama hiyo. Misako imefanyika mara kwa mara. Wanawake wenye vifua vikubwa ndio walioumia zaidi, ukweli ambao haukuonekana katika matangazo ya marufuku. Mpya za madukani, nyingi kutoka China, zilikuja kwa 34 na 36, kikombe B, sponji tele. Aliyehitaji 40 yenye kikombe kikubwa na waya imara aliipata kwenye mtumba pekee, imetoka Uingereza au Ujerumani, imeshonwa na watu wanaojua uzito wa wanachokibeba. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliazimia kuondoa mitumba yote hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kufuta nafuu za ushuru, wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko.

Wakati wakubwa wakibishana, wanawake walikuwa wamekwisha kurudi kwenye nguo isiyo na saizi. Dera, lililotokana na dirac la Wasomali na kuenea kutoka Mombasa na Eastleigh, Nairobi, ni kitambaa chepesi kilichokunjwa, kikatobolewa shingo na kushonwa ubavuni. Hubeba mimba kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa tisa, na baada ya hapo hubeba mkaja. Awali lilikuwa la nyumbani na sokoni. Leo lina nakshi, lina gagulo lake la satini, linakwenda arusini, na mwenye kutaka kiuno kionekane hutia lastiki kwa ndani. Wapo pia wanaotaka kinyume: chupi zenye sponji za kuongeza makalio, ambazo mitaa ya Dar es Salaam inaziita vigodoro, zinauzwa barabarani zikiwa zimevalishwa mwanasesere asiye na kichwa. Kikoi cha chini ya gomesi kilifanya kazi hiyo hiyo miaka mia moja kabla, bila kuchekwa na mtu.

Mahali ambapo mambo haya yote hukutana ni sare za arusi. Kamati ya mama wa bi harusi huchagua kitenge kimoja, hununua majora, hugawa yadi sita kwa kila mmoja, na wanawake thelathini hutawanyika kwa mafundi wao. Siku ya arusi wanaingia ukumbini kwa kitambaa kimoja na mishono thelathini. Mwenye mikono minene ametia mikono ya puto. Mwenye tumbo ametia kipande kilichokunjwa mbele ambacho mashoga wanakijua kazi yake. Mwembamba amebana mpaka magotini kisha akaacha kimwagike. Shangazi wa bwana harusi, ambaye hapendi kusumbuliwa, ameshona dera. Na yule aliyechelewa kumpelekea fundi amejifunga kitenge chake kama kilivyotoka dukani, na kipande kingine amekitupa begani.